Jiwe Lililo Nyuma ya Mlango wa Mama

St. Clair, Port of Spain,
Trinidad.
Oktoba, 1976

Dada yangu mpendwa Ursuline,

Pokea salamu za mdogo wako, na baada ya salamu nakuuliza hali. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Watoto wanakwenda shule au wanakwenda ufukweni? Na Mama, yale macho yake yameanza kuitikia dawa? Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Barua yako niliipokea mkononi mwa nahodha, pamoja na mfuko wa mbaazi na ile chupa ya jack iron, pombe yetu kali. Mbaazi nimezificha chini ya kitanda, maana nikizipeleka jikoni, Bibi ninayemfanyia kazi atataka niziunge na sukari ya kuunguza kama desturi yao, na mimi dhambi hiyo siwezi.

Kabla hujaendelea, Dada, nakuomba kitu. Nakujua, wewe husoma kwa sauti hata tangazo la mnada. Kama Mama yuko karibu, mwambie Dora anamwamkia, kisha ikunje barua ukaimalizie peke yako bandani kwa mbuzi. Macho ya Mama yamechoka lakini masikio yake yanasikia hata karatasi ikigeuzwa.

Umeniuliza kama ni kweli anayosema Bertrand tangu arudi na redio yake, kwamba huku pesa zinaokotwa. Ni kweli na si kweli. Nchi hii imekaa juu ya mafuta, na tangu bei ipande watu wamekuwa kama walioamka wakakuta kisima cha maziwa uani. Kila mtu ananunua gari, hata asiye na pa kuliegesha. Saruji inapigiwa foleni. Bibi wangu huyo ana majokofu mawili, moja la chakula na moja la vinywaji, na kila jioni analalamika kwamba maisha yamekuwa magumu. Mimi nalala chumba cha nyuma ya jikoni, na hicho chumba ananikata kwenye mshahara, na chakula ananikata, na kikombe nikivunja ananikata. Kinachobaki ndicho mnachokiona ndani ya lile pipa la vitu ninalowatumia kwa meli, mkilifungua.

Vitu viko, Dada, sikatai. Maji yako ndani ya ukuta. Lakini yakikatika, hakuna jirani mwenye tangi la mvua utakayemwendea na ndoo, kwa kuwa kila mtu na geti lake, na nyuma ya geti mbwa. Kwetu Carriacou hatuna kitu, ila hicho tusicho nacho tunakikosa pamoja. Hapa unaweza kukosa peke yako mtaa mzima ukila nyama.

Utani wao umenizoea nami nimeuzoea. Muuza samaki sokoni akinisikia nikisema tu, anaita wenzake waje wamwone mtu wa kisiwa kidogo, na kuniuliza kama ni kweli kwetu mtu akikojoa upande huu, upande wa pili wanaanua nguo. Nikamjibu ndiyo, tena mdomo wako ungekuwa kwetu tungeufanya bandari. Akacheka mpaka akaniongezea samaki. Bibi naye haniiti Theodora. Aliniambia siku ya kwanza kwamba jina hilo refu mno kwa kuita mtu alete chai, basi ananiita Kisiwa. Na dereva wake ana lake, kwamba kwetu mtu akipiga chafya kisiwa kizima kinamwombea afya. Hilo nalo nilikuwa nikilicheka. Silicheki tena.

Sasa nije kwenye uliyoniandikia. Unasema Mama anamwota mtu mmoja, usiku baada ya usiku, amesimama mlangoni, miguu matope matupu, nguo zimelowa, hataki kuingia. Uso wake uko gizani. Anasema, “Wananiita, lakini si mimi wanayemwita. Nipeni jina langu.” Mama akaamka na kusema ni Baba, anadai jiwe lake, kwa sababu kaburi lisilosimamishiwa jiwe huingia maji, na maiti hukaa humo kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Wazee wakakubali. Kondoo dume ameshafungwa, mahindi yameshasagwa, ngoma zimeshaombwa, na lile jiwe lililokaa nyuma ya mlango wa chumba cha Mama chini ya shuka jeupe tangu mwaka ule wa mazishi, litatoka Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Fundi anangoja kuambiwa achonge.

Ukasema lililobaki ni ndugu yetu Hollis, aliye huku nilipo. Ndiye mwanamume pekee wa nyumba yetu, ndiye wa kumwaga maji na pombe pale kaburini na kuliita jina la Baba. Na hajaandika tangu Juni. Ukaniamuru nimtafute huyo mtoro, nimwambie Baba analowa.

Ndoto hiyo ningekuwa huko, Dada, nami ningeifasiri vilevile. Kumbuka nimesema hivyo.

Nilimwomba Bibi ruhusa. Akaniuliza, “Kisiwa, kuna nini tena, na kesho nina wageni?” Nikamwambia baba yangu analowa kaburini. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyelewa asubuhi, akasema nirudi kabla ya chakula cha jioni. Nikapanda basi kwenda kusini, anakofanya kazi Hollis.

Hollis alikuja kuniona mara ya mwisho Pasaka, na kaa wawili kwenye gunia na shati jipya. Alisema kampuni yao inalaza mabomba ya gesi, na kwamba anachimba mtaro mrefu kuliko Carriacou yote. Akasema mtaro ule tungeuchimba kwetu, asubuhi ya kwanza tungetokea baharini. Alicheka kabla hajamaliza kusema, unavyomjua, na pengo lake wazi. Nikamwambia siku moja nitakuja kukuona kazini. Akaacha kucheka, akasema nisije kabisa, huko ni matope tupu na wanaume wenye midomo michafu. Mimi nikadhani ana mwanamke. Hata nilifurahi.

Nilifika pale kazini nikamuuliza msimamizi habari za Hollis Quashie. Akasema hana Quashie, hajapata kuwa na Quashie, majina ya watu wake anayajua kama ya wanawe. Nikamweleza: mrefu, mweusi, anachekea maneno yake mwenyewe, na jino la mbele hana, lilivunjwa na teke la kondoo utotoni, msimu wa kuwafungua wanyama wazurure baada ya mavuno. Msimamizi akatikisa kichwa. Lakini wale wachimbaji waliokuwa nyuma yake, Dada, wote waliinamia makoleo yao kana kwamba nimewatukana.

Nilipokuwa natoka, mmoja akanipita getini amebeba ndoo. Kwa matamshi yake nilijua ni mtu wa St. Vincent, mwenzetu wa visiwani. Hakusimama wala hakunitazama. Akasema haraka haraka, “Mama, nenda kwa kina Guerra, nyuma ya kiwanda cha sukari. Guerra alifukiwa na mtaro mvua za Julai. Nenda, watakwambia.” Nikamwambia mimi simtafuti Guerra, namtafuta Quashie. Akasema tena, “Nenda kwa Guerra, mama,” akaenda zake.

Nilisimama pale barabarani na nitakuambia nilichohisi, maana wewe ndiye ninayekuambia kila kitu. Nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwamba aliyekufa ni Guerra. Nikafikiri labda walikuwa marafiki, labda Hollis aliingiwa na hofu baada ya msiba huo akakimbilia kazi nyingine, na kwa kina Guerra wanajua alipo. Na kwa kuwa mtu haendi nyumba ya msiba mikono mitupu, nikaingia dukani nikanunua biskuti na mishumaa.

Nyumba niliipata kwa urahisi. Bati lake jipya, linang'aa kuliko ya majirani wote. Uani mwanamke wa makamo mwenye nguo nyeusi alikuwa anaanika mashuka. Nikamwamkia, nikampa pole ya mumewe, nikamnyooshea zile biskuti. Hakuzipokea. Aligeuka akatazama mlango wa nyumba. Akatoka mwanamume mwenye fulana, sahani ya roti mkononi, anatafuna. Nikamuuliza kwa heshima kama yeye ni ndugu wa marehemu Guerra.

Akasema, “Marehemu ndiye mimi.”

Nilidhani ananifanyia ule utani wao. Nilitaka kumtupia mishumaa usoni. Kisha akanitazama vizuri, akaiweka sahani chini penye ngazi. Akasema, “Wewe ni dada yake Hollis. Una paji lake.” Yule mke akaketi palepale chini kwenye matope na shuka lake mikononi.

Dada, Hollis wetu amekufa. Naandika hivi mara moja tu kwa sababu mkono hautaki kuandika mara ya pili.

Nitakueleza alivyonieleza Guerra, tena alieleza huku amenipa mgongo. Huku huajiriwi bila kadi ya uraia, na watu wa visiwani wengi hatuna. Guerra anayo kadi, lakini mgongo wake uliharibika na hawezi kuinua koleo. Basi wakapatana, jambo ambalo huku linaitwa kukodi jina. Hollis akaingia kazini kama Selwyn Guerra. Kila asubuhi msimamizi akiita “Guerra!” ndugu yetu anajibu “Nipo!” na mshahara wanagawana nusu kwa nusu, mwenye mikono na mwenye jina. Guerra anasema Hollis alikuwa akilichekea jambo hilo. Alisema kwao mtu hana senti lakini jina lake analo bure, na huku senti ziko lakini jina unalipia kodi.

Julai ile mvua ilinyesha kutwa. Kuta za mtaro hazikuwa zimeegemezwa kwa mbao, kwa sababu mbao zilichelewa na kampuni haikutaka kungoja. Upande mmoja ukaporomoka. Walipomtoa, kadi ilikuwa mfukoni. Kampuni ikatuma jeneza na fidia kwa mjane wa Selwyn Guerra, na mjane, ambaye mumewe alikuwa amejificha uvunguni siku ile, akatia sahihi. Lile bati ndilo fidia. Merle, ndilo jina lake huyo mke, aliniambia analia kweli kila mvua ikilipiga bati hilo usiku. Sijui kama namwamini. Nadhani namwamini.

Guerra na mkewe waliogopa kutafuta watu wa Hollis. Waliogopa jela. Wale wachimbaji nao wakanyamaza, maana nusu yao wamevaa majina ya watu. Guerra sasa hawezi kuomba kazi wala kupiga kura, padri akipita anajificha, na watoto wa mtaani wanamwita Marehemu. Nilimwambia anipeleke kwa ndugu yangu.

Makaburi yako bondeni, kunatuama maji. Nilitembea viatu vikinasa. Kuna msalaba wa mbao, umeandikwa kwa rangi nyeusi Selwyn Guerra, Pumzika kwa Amani. Guerra mwenyewe akavua kofia mbele ya jina lake. Akasema, “Dada, mimi nimebaki upepo tu. Nikilala nahisi nimemlalia. Najua kwenu mnasimamisha jiwe na kuita. Muite kwa nguvu, achukue lake aniachie langu.” Nilimpiga kofi, Ursuline. Nilimpiga la pili. Hakuinua mkono. Kisha nikaona analia na pua inamtoka kama mtoto, na mimi nikalia naye, watu wawili wasiojuana, juu ya matope yale. Mishumaa niliyomnunulia Guerra nikamwashia Hollis. Haikushika, mvua ilikuwa imeanza.

Nikamwambia nakwenda polisi, wakaung'oe ule msalaba. Akasema niende, hatanizuia, ila watu hao kabla hawajauliza habari za ndugu yangu wataniuliza karatasi zangu. Dada, nilikwenda. Nilifika mpaka ng'ambo ya barabara ya kituo. Niliona askari mmoja mlangoni anakula karanga. Ningevuka tu. Lakini ruhusa yangu ya kukaa ilikwisha mwaka juzi, sikuwaambia, na ninajua wangenipandisha meli wiki hiyohiyo. Nikafikiri pipa. Nikafikiri dawa ya macho ya Mama, na viatu vya watoto wako, na paa lenu lile. Basi likaja, nikapanda. Nimemwacha ndugu yangu mle kaburini na jina la mtu mwingine ili niendelee kumpelekea chai mwanamke asiyeweza kutamka langu. Niliporudi Bibi alisema nimechelewa, akanikata siku nzima.

Mle ndani ya basi ndimo nilimoielewa ndoto. Matope miguuni. Nguo zilizolowa. “Wananiita, lakini si mimi wanayemwita.” Ursuline, Baba alikufa kitandani kwake, Mama amemshika mkono, kijiji kizima kimejaa uani. Hata wanaomdai walikuja na kuku. Baba anaweza kukosa jiwe miaka mia, lakini hana shida ya jina. Kule kila mtu analijua, mpaka mbuzi. Yule anayesimama mlangoni kwa Mama si Baba.

Basi nakuomba haya. Karamu msiiahirishe. Mwambie fundi achonge majina mawili, la Baba juu, na chini yake Hollis Augustine Quashie, kirefu chote, asiruke herufi. Jiwe ni pana, litatosha. Anayemwaga maji awe Mjomba Cosnel, kwa kuwa aliyekuwa amwage ndiye anayemwagiwa. Ile sahani ya wazee waliokufa, inayolazwa chumbani usiku, andaeni mbili. Ya Hollis wekeni ugali wa mahindi na bamia, na mkia wa kondoo, yeye na kondoo walikuwa na kesi yao. Msitie chumvi, mnajua wafu hawali chumvi. Na mkiita, jamani, iteni. Iteni kwa sauti ya watu wanaogombana. Huku nchi ni kubwa na sauti hupotea.

Mimi siji. Nikitoka sirudi, na nisiporudi pipa haliji tena. Jumamosi hiyo Bibi ana karamu yake ya bustani. Nitakuwa nabeba sinia. Lakini nimemwambia Guerra asimame pale kwenye msalaba saa hiyohiyo, na mkimwita Hollis kwa lake, yeye ajiite kwa lake na kuitikia. Alikubali.

Limebaki la Mama, na hilo ndilo lililonifanya niandike karatasi tatu nizichane. Usimwambie kwamba Hollis amekufa. Usimwambie lolote kuhusu mtaro. Kabla ya Jumamosi hiyo, akiwa amekaa, ametulia, baada ya chakula, muulize tu kitu kimoja. Muulize kama yule mtu wa mlangoni, alipofumbua mdomo kusema nipeni jina langu, alionekana na pengo mbele. Baba alizikwa na meno yake yote. Mama atakutazama. Usiseme kitu, Dada. Mshike tu.

Nisalimie watoto mmoja mmoja. Nisalimie Mjomba Cosnel, na majirani wote wa Bogles wanaoniuliza. Mama mwambie namwamkia na kumshika miguu. Mbaazi zenu nitazipika siku hiyo, chumbani kwangu, bila sukari na bila chumvi.

Wako mdogo anayekupenda,

Theodora Evangeline Quashie
ambaye huku wanamwita Kisiwa